Wanataka nimkate mume kwenye picha za harusi ya marehemu mama mkubwa

Shangazi shikamoo,

Naomba unisaidie mawazo maana nimekwama, na kila nikijaribu kuongea na mtu wa familia ananijibu kwa hasira au anaanza kulia. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alifariki mwaka jana. Yeye hakujaliwa mtoto ila mimi nimelelewa kwake toka mdogo mpaka nimemaliza shule kwa hiyo kwangu ni mama kabisa. Sasa tumekubaliana kama familia tutengeneze kijitabu cha kumbukumbu, picha zake na maneno kidogo chini, kila mtu abaki na nakala yake, na kazi nimepewa mimi kwa sababu picha zake zote ziko kwangu.

Nyingi ziko kwenye albamu moja kubwa ya zamani, zile za kurasa za gundi zenye nailoni juu, nyingine zimo tu kwenye bahasha, na moja iko kwenye fremu imegandana na kioo. Shida ni za harusi. Mama mkubwa aliolewa akiwa binti kabisa na ndoa ikavunjika kabla mimi sijazaliwa, na habari za huyo mume hazikuwa zinaongelewa nyumbani. Mwenyewe hakuwahi kumtaja kwangu, si kwa ubaya si kwa uzuri. Wenye uchungu mpaka leo ni mama na mama mdogo, wanasema alimtesa dada yao na hawataki hata kivuli chake kwenye hicho kijitabu. Nikiuliza alimtesaje wanasema hayo mambo ya watu wazima, wakati mimi mwenyewe ni mtu mzima sasa.

Mama anataka nitumie zile programu za simu za kufuta watu kwenye picha. Mama mdogo yeye hakusubiri programu, alikuja kuziangalia, nikatoka kidogo, kurudi nakuta ameshachukua mkasi amekata ile kubwa kuliko zote. Kilichobaki ni mama mkubwa amesimama na maua yake na begani kwake kuna vidole vinne vya mtu, kimoja kina pete. Niliiangalia nikashindwa hata kuongea. Kile kipande cha pili nilikiokota kwenye taka.

Halafu kuna nyingine ndo naipenda kuliko zote, mama mkubwa anacheka, yaani kicheko cha kweli, kichwa kimeenda nyuma mpaka shela imemtoka upande, na amemng'ang'ania mume mkono wa koti kama mtu anayetaka kudondoka, na mume hacheki, anamtazama tu. Mimi maisha yangu yote sijawahi kumuona mama mkubwa akicheka hivyo, niliyemjua mimi alikuwa anatabasamu kidogo basi. Sasa nikimfuta mume pale si nitabaki na mtu anayecheka peke yake ameshika hewa? Binamu yangu akasema hizi picha zimechoka, akaipitisha kwenye programu ya kusafisha sura, ikatoka dada mmoja mzuri sana ngozi laini lakini siyo yeye, hata lile kovu lake la kwenye nyusi halipo.

Na kubwa zaidi ni hili. Huyo mume wa zamani yuko hai, mzee sasa. Wakati wa msiba alimtumia mjomba meseji ya pole na akasema bado anazo negativu za harusi na picha nyingine za mama mkubwa, tukizihitaji tuseme. Mama akakataa asijibiwe. Na Shangazi, watu wengi kwenye zile picha hatuwajui, mama na mama mdogo walikuwa watoto siku hiyo, nyuma ya picha hakuna kilichoandikwa, pengine mtu pekee anayewajua ni huyo huyo. Nimtafute kimya kimya? Itakuwa ni kumsaliti mama? Na niwakatie picha kama wanavyotaka au nikatae? Na kama una ujuzi nielekeze pia namna ya kuzitoa, nyingine zimekuwa nyekundu nyekundu na nikivuta nasikia zinataka kuchanika.

Mtoto wa mama mkubwa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama aliyekulea.

Nianze na mkasi kwa sababu hilo halisubiri. Usikate picha hata moja, na usimruhusu mtu mwingine akate. Albamu na bahasha zitoe sebuleni leo hii, ziweke mahali ambapo mtu hazifikii kwa hasira za dakika mbili. Wala sisemi hivyo kwa kumtetea huyo bwana, simjui, na kama kweli alimtesa dada yao basi wana haki ya kumchukia mpaka mwisho. Nasema hivyo kwa sababu picha ni za marehemu, na marehemu mwenyewe alikuwa na mkasi ndani ya nyumba yake miaka yote hiyo na hakuugusa. Ndoa ilivunjika, akahama, akakulea wewe, akazeeka, na kila alipohamisha vitu vyake ile albamu alienda nayo. Sasa hapo uwe makini pia, usije ukasema basi alikuwa bado anampenda au alishamsamehe, hilo hulijui na mimi silijui, watu wanahifadhi vitu kwa sababu zao. Lakini uamuzi wake wa kuzitunza nzima tunaujua, upo mezani kwako, na mimi nadhani unatakiwa kuheshimiwa kuliko uchungu wa sisi tuliobaki.

Ila mama na mama mdogo nao usiwapuuze. Wewe unaona picha ya binti anacheka, wao wanaona mtu aliyemrudisha dada yao nyumbani akiwa amevunjika. Walikuwa watoto, waliona na kusikia mambo ambayo hawakuwa na uwezo wa kuyazuia, na mtoto aliyeshuhudia dada yake akiumizwa anakua na hilo jambo kifuani. Nadhani ndio maana mama mdogo alikata haraka vile.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili ambayo nyinyi mmeyachanganya. Kuna kutunza na kuna kuonyesha. Kutunza ni zote, nzima, pamoja na sura zisizotakiwa. Kuonyesha ni kuchagua, na kijitabu ni cha kuonyesha, hakuna sheria inayosema lazima mume awemo. Pitia picha za harusi utakuta za bi harusi peke yake, za bi harusi na wadogo zake, za mikono inamfunga shela. Weka hizo. Hata ukitaka kuchukua nakala ya kwenye kompyuta ukaipunguza upande abaki mama mkubwa tu, hiyo haina ubaya, kila mhariri anafanya hivyo na picha yenyewe inabaki salama. Nisichokubali ni ile programu ya kumfuta mtu, kwa sababu haikati, inabuni. Pale mume aliposimama inachora ukuta ambao haukuwepo na mkono ambao siyo wake, na miaka 30 mbele mjukuu ataiona akaamini ndivyo ilivyokuwa. Ni kama ile ya binamu yako iliyofuta kovu. Na ile picha ya kicheko kama haiwezekani bila mume basi usiilazimishe kuingia kwenye kijitabu, itunze, iprinti nakala moja uweke chumbani kwako, wewe ni mtoto wake una haki hiyo.

Halafu kuna kitu nataka ukifikirie kabla hata hujaanza kupanga kurasa. Harusi itakumeza kwa sababu ndiyo yenye picha nyingi. Zamani filamu moja ilikuwa inatoa picha 36 au 24, na zile kamera za filamu pana za picha za mraba zilitoa 12 tu, kwa hiyo watu walipiga siku za shughuli, siku za kawaida hazikupigwa. Matokeo yake mtu aliyeishi miaka mingi peke yake, amefanya kazi, amelea, albamu yake inasema alikuwa bi harusi basi. Ukifuata wingi wa picha utaandika kijitabu cha siku moja, tena siku ambayo familia haikubaliani juu yake. Tafuta kwingine. Fungua mafaili yake ya karatasi, vitambulisho vya kazi, vyeti, fomu za zamani, utakuta picha ndogo za pasipoti, zipange kwa mfululizo uone sura inavyobadilika, hizo ndizo zitakazokuonyesha miaka ambayo hakuna aliyeshika kamera. Waulize aliofanya nao kazi. Angalia na picha za watu wengine ambazo yeye kapita nyuma, amebeba kitu, amegeuka. Huyo ndiye uliyemjua wewe, na kusema kweli sura yake ya miaka hiyo ndiyo inayostahili kurasa nyingi.

Sasa kuhusu mzee. Usimtafute kimya kimya. Mambo ya familia ya siri hayakai, mama akija kugundua hataona picha, ataona umeenda nyuma ya mgongo wake kwa mtu aliyemuumiza dada yake, na kijitabu chote kitaharibika kwake. Lakini pia usikubali moja kwa moja kwamba asijibiwe, kwa sababu huyo ni mtu mzima sana na akiondoka, majina ya wale watu yanaondoka naye, na wanaobaki na vitu vyake hawatajua zile negativu ni za nini, zitaenda kwenye taka. Anza na mjomba. Meseji ilikuja kwake, yeye ndiye mwenye sababu ya kujibu, na yeye anaweza kuongea na dada zake kwa namna ambayo wewe mtoto huwezi. Mwambie mjomba unachotaka ni vitu viwili tu, negativu na majina. Hakuna kupatana, hakuna kumwalika, hakuna kumsikiliza upande wake wa hadithi kama mama hataki. Mama akiambiwa hivyo na kaka yake bila kuzungushwa, nadhani atalainika, na kama hatalainika leo subiri kidogo urudie. Akikataa kabisa kabisa, basi mjomba amwombe huyo mzee avitunze na aandike majina kwenye karatasi, hiyo haimgusi mama popote.

Na kama ilikuwa kipigo, kama utakuja kuambiwa hivyo, ushauri wangu kwenye kijitabu unabaki pale pale, asiwepo hata ukurasa mmoja. Negativu bado zichukuliwe. Kuchukua kitu cha mama yako mkononi kwa mtu mbaya siyo kumpa heshima huyo mtu.

Negativu usizidharau mwanangu. Picha ya karatasi ni nakala, negativu ndiyo iliyokuwa ndani ya kamera, ina vitu vingi ambavyo karatasi haikuvionyesha, na ile kubwa iliyokatwa na mama mdogo huenda ikaweza kuprintiwa upya nzima kama negativu yake ipo. Zikija zishike kwa kingo tu, vidole visiguse katikati. Zinuse pia. Zikiwa zinanuka siki ujue filamu yenyewe imeanza kuoza, zitenge na nyingine na uziskani haraka kabla hazijajikunja.

Hizo za kwenye albamu ya gundi sasa, acha kuvuta. Kwanza piga picha kila ukurasa kama ulivyo kabla hujagusa kitu, kwa sababu mpangilio alioupanga mwenyewe nao ni habari, nani kawekwa pembeni ya nani, ipi imewekwa mwanzo. Baada ya hapo chukua uzi wa kusafishia meno, ule usio na nta, upitishe taratibu nyuma ya picha kama unakata sabuni, kona hadi kona. Inayogoma iache, skani ukurasa mzima na picha yake. Usiweke maji, usiweke joto la pasi wala la mashine ya nywele kama hujawahi kufanya, joto likizidi linaharibu. Ile iliyogandana na kioo usiibandue kabisa, utabandua sura ikabaki kwenye kioo, itoe kwenye fremu pamoja na kioo chake uiskani hivyo hivyo ikiwa nyuma ya kioo. Na kile kipande ulichokiokota kiweke bahasha moja na mwenzake, bila selotepu, gundi ya selotepu inageuka njano na inakula karatasi, kuunganisha utaunganisha kwenye kompyuta.

Wekundu unaouona siyo uchafu, usisugue. Picha za rangi za miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa tabaka tatu za rangi na ile ya samawati ndiyo ilikuwa inapotea kwanza, hata zikiwa gizani ndani ya albamu, ndo unabaki na wekundu. Kwenye nakala ya kompyuta rangi inarekebishika vizuri tu. Za nyeusi na nyeupe zinadumu zaidi kwa sababu sura imejengwa na madini ya fedha siyo rangi.

Kuskani weka 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 itakupa pikseli kama 2400 kwa 3600, unaweza kuiprinti mara mbili ya ukubwa wake bila kuharibika. Hifadhi sehemu tatu, kompyuta, diski ya nje, na moja akae nayo ndugu wa mbali. Ukizituma WhatsApp tuma kama faili siyo kama picha, maana inazibana na wengi wanakuja kugundua wakati wa kuprinti. Zile zenyewe za karatasi usipeleke kuzipiga laminesheni, hiyo haitoki tena. Weka kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu pasipo na joto, siyo juu ya dari na siyo kabati linalogusa ukuta wenye unyevu. Majina andika nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, kalamu ya wino inapenya au inaacha alama upande wa mbele, na zile zenye mgongo kama plastiki ambazo penseli haishiki andika kwenye bahasha.

Kuzijua ni za mwaka gani, kingo zenye mawimbi na mpaka mweupe mara nyingi ni za zamani zaidi, hadi miaka ya 1960. Vipicha vya mraba vilienea sana baada ya kamera za Kodak Instamatic kuingia sokoni mwaka 1963. Tarehe za rangi ya chungwa pembeni ni za kamera za miaka ya 1980 na 1990, na hizo usiziamini sana kwani watu wengi hawakupanga saa ya kamera.

Ukikaa na mama na mama mdogo kuzipitia, na ninakuomba ukae nao, usianze na harusi na usianze na kuuliza huyu nani. Ukiuliza huyu nani mtu anajiona yuko kwenye mtihani, hajui, anakasirika. Anza na picha ya dada yao kabla hajaolewa, uliza gauni alilishona nani, uliza viatu vile vilikuwa vyake au aliazima, uliza nani alikuwa anawapiga picha. Vitu vidogo vinavuta vikubwa. Omba ruhusa urekodi sauti kwenye simu, simu ikae mezani wasiione imewaelekea. Uchungu wao ukitoka hapo uache utoke, usiukatize na picha inayofuata. Inawezekana siku hiyo ndo wataanza kukuambia kilichotokea, na wakikuambia hicho hakiendi kwenye kijitabu, ni chako. Wasipokuambia usiwabane.

Mjomba akipata ruhusa, ajibu ile meseji kwa maneno machache, na mimi ningeandika hivi: Shikamoo. Tulipokea pole yako, ahsante. Watoto wanakusanya picha za marehemu, kama bado una negativu na picha ulizosema tunaomba tuzichukue, na tunaomba ukae na mtu akusaidie kuandika majina ya watu unaowakumbuka kwenye picha za harusi. Nitakuja mwenyewe kuvichukua. Aishie hapo, asiongeze neno, na aende yeye, wewe usiende safari hii ya kwanza.